Friji ya gesi au ya kompresa kwenye gari-nyumba?

SWALI: Fundi, salaam. Tumenunua gari-nyumba lililokwisha tumika. Tuko watatu, na kwa kawaida tunaegesha siku mbili au tatu mahali pasipo na umeme. Friji iliyomo ni ile ya njia tatu: gesi, umeme wa ukutani na volti 12, ya lita kama 100. Siku za joto maziwa yanaharibika hata tukiiwasha kwa gesi. Fundi mmoja anasema niing'oe nifunge ya kompresa, mwingine anasema hiyo itanimalizia betri. Nina betri moja ya asidi ya ampea-saa 100 na paneli ya sola ya wati 120. Je, siwezi kuiwasha hii niliyonayo kwa betri usiku ili nibane gesi? Na kama ni kubadilisha, nichukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hilo la betri, maana linaweza kukutia hasara leo hii. Usiiwashe kwa betri gari likiwa limeegeshwa. Upande wa volti 12 wa friji hiyo hauna mota yoyote, una hita. Hita ya friji ya ukubwa huo hula wati 130 hadi 170, yaani ampea 11 hadi 14, na nyingi hazina thamostati upande huo, kwa hiyo huwaka mfululizo. Chukua ampea 12 tu: ukiiwasha saa nne usiku, ikifika saa nane imekwisha kula ampea-saa 48. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, na hapo nusu umeifikia kabla hata hujageuka upande wa pili kitandani. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya barabarani, injini ikiunguruma na oltaneta, yaani jenereta ndogo ya injini, ikichaji, ili baridi isipotee safarini. Injini ikizimwa, hamia gesi.

Ulaji huo unatokana na jinsi friji yenyewe inavyofanya kazi, na ukishaielewa, nusu ya swali lako limejijibu. Friji ya gesi, au ya kufyonza kama inavyoitwa vitabuni, hupoza kwa kutumia moto. Ndani ya mabomba ya nyuma mna amonia, maji na haidrojeni, vimefungiwa humo tangu kiwandani. Moto mdogo, au hita, huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa juu kwenye mapezi, yaani vibati vya kutolea joto, na kuwa kimiminika, kisha huingia kwenye bomba lenye haidrojeni. Humo huvukiza upya na kunyonya joto la ndani ya friji. Mwisho maji huifyonza tena, mzunguko ukaanza upya. Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliubuni mfumo huu mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi, na kanuni yake haijabadilika. Hakuna kinachozunguka wala kusukumwa, ndiyo maana haisikiki hata usiku wa manane. Lakini gharama ya ukimya huo ni joto jingi linalochomwa kwa baridi kidogo.

Kwa kuwa kimiminika hurudi chini kwa uzito wake tu, gari likiinama mzunguko unakwama. Friji za zamani huvumilia kama nyuzi tatu, za kisasa huenda mpaka sita upande mmoja. Ukizidisha na kuiacha iwake, kimiminika hutuama juu, sehemu ya kuchemshia hukauka na kupata moto kupita kiasi, na kemikali ya kuzuia kutu iliyomo huganda ikaziba bomba. Hapo hakuna fundi wa kuzibua. Ukiwa unaendesha hakuna shida kubwa, maana mitikisiko hukirudisha kimiminika njiani. Madhara hutokea kwenye kuegesha.

Friji ya kompresa ni ndugu ya friji ya nyumbani, tofauti yake ni kwamba mota yake inaendeshwa kwa volti 12 au 24 moja kwa moja. Gesi ya kupozea inasukumwa kwa nguvu, kwa hiyo haijali mwinamo wa kawaida wa maegesho. Nyingi hufanya kazi hata kwenye nyuzi 30. Ya lita 100 hula wati kama 45 ikizunguka, na ikishapata baridi hupumzika. Asubuhi ukiiwasha, kufika mchana vinywaji viko baridi. Ya gesi inataka kuwashwa tangu jana yake.

Hata hivyo, kabla hujatoa hela, hakikisha friji uliyonayo imekufa kweli. Nimeona nyingi zikitupwa huku kasoro yake ikiwa uchafu tu. Chukua pima maji, ilaze ndani ya friji kwenye sakafu ya kifriza, na usawazishe gari mpaka kipovu kikae katikati pande zote mbili. Kisha iwashe kwa umeme wa ukutani saa 24 bila kufungua mlango ovyo, ukiwa umeweka kipimajoto ndani ya bilauri ya maji. Ikishuka mpaka nyuzi 5 au chini ya hapo kwa umeme lakini kwa gesi ikashindwa, kifaa cha kupozea ni kizima na ugonjwa uko kwenye kichomeo. Fungua dirisha la chini la nje uangalie moto wenyewe: unatakiwa uwe wa buluu na umesimama. Ukiwa wa njano na unayumba, nozeli imeziba, mara nyingi kwa masizi, kutu inayodondoka kutoka kwenye bomba la moshi, au utando wa buibui. Kulisafisha bomba la moshi na kubadilisha nozeli ni kazi ndogo kwa fundi wa gesi. Usichokonoe nozeli kwa sindano, tundu lake likipanuka kidogo tu moto unaharibika moja kwa moja.

Ikishindwa kwa umeme na kwa gesi vilevile, nusa nyuma yake. Harufu kali ya amonia au unga wa njano kwenye mabomba maana yake imevuja, na kuikarabati mara nyingi hakulipi. Kama hakuna dalili hizo, kagua njia ya hewa. Mapezi ya nyuma yanatakiwa yapate hewa kutoka tundu la chini na kuitoa kwenye tundu la juu, bila hewa kuzunguka ovyo pembeni au juu ya friji. Kwenye magari mengi niliyofungua, mwanya wa nyuma ni mkubwa mno, hewa inapita mbali na mapezi. Bati jepesi la kuielekeza hewa kwenye mapezi, pamoja na feni mbili ndogo za kompyuta kwenye tundu la juu, huleta mabadiliko ya kuonekana. Pia egesha upande wa friji ukiwa kivulini: ukuta unaochomwa na jua la alasiri unaipa kazi isiyoiweza. Mlango nao ubane karatasi: ikichomoka bila kukwama, raba ya mlango imechoka.

Tuseme umefanya yote hayo na bado haifai. Sasa tuje kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ni ya umeme wako kuliko ya friji. Kompresa ya wati 45 inavuta ampea 3.75. Hewa ikiwa ya nyuzi 25 inazunguka kama theluthi ya muda, saa 8 kwa siku, yaani ampea-saa 30. Kwenye nyuzi 35 chukulia nusu ya muda: saa 12, ampea-saa 45. Ongeza taa, pampu ya maji na simu za watu watatu, tuseme 15. Jumla siku ya joto ni 60. Upande wa mapato, paneli ya wati 120 iliyolala juu ya paa, siku ya jua zuri na baada ya kutoa upotevu, inakupa kama wati-saa 400, sawa na ampea-saa 33. Una pengo la 27 kila siku, na akiba ya kutumia kwenye betri yako ni 50. Kwa hiyo siku ya pili jioni umeishiwa, na hapo nimekadiria anga safi. Kukiwa na mawingu, hata siku moja haifiki.

Kwa hiyo fundi wa pili hakukosea kwa gari lilivyo leo, na wa kwanza hakukosea kwa linavyoweza kuwa. Ukifunga kompresa bila kugusa umeme, utamlaumu aliyekuuzia friji bure. Ongeza paneli ya wati 150 na ubadilishe betri iwe ya lithiamu ya ampea-saa 100, ambayo inakupa 80 hadi 90 bila kuumia, picha inageuka: siku ya jua unaingiza ampea-saa zaidi ya 70 dhidi ya matumizi ya 60, na siku ya mawingu betri inakubeba mpaka kesho yake. Kama mnahama kila siku mbili tatu, weka pia chaja ya betri kwa betri ya ampea 20 au 30 inayochukua umeme wa oltaneta. Saa moja na nusu ya kuendesha itakurudishia sehemu kubwa ya ulichokula. Chaja hiyo, kwa maoni yangu, ina faida kuliko paneli ya tatu.

Ushauri wangu kwenu: watatu, siku mbili tatu, tena sehemu za joto, chukueni ya kompresa, lakini bei mnayoipangia iwe ya friji, betri na paneli kwa pamoja. Kama hela inatosha friji peke yake, subirini. Tengenezeni ya gesi iwafikishe huko, maana haina matumizi ya kutisha: friji ya ukubwa huo hula gramu 300 hadi 400 za gesi kwa siku, hivyo mtungi wa kilo 11 unaweza kuisukuma kama wiki nne. Ningekuwa namjibu mtu anayeegesha wiki mbili mfululizo chini ya miti, au anayesafiri majira ya baridi ambapo jua ni haba, ningemwambia abaki na gesi bila kusita. Vilevile mwenye usingizi mwepesi na kitanda kilicho futi mbili kutoka kwenye friji. Mvumo wa kompresa ni mdogo, lakini usiku huwaka na kuzima mara nyingi, na kuna watu unawakera kweli.

Visanduku vya baridi vya bei rahisi vya volti 12, visivyo na kompresa wala gesi, msivifikirie. Vinakula umeme kama hita na joto likipanda havipozi.

Mkiamua kufunga ya kompresa, msikubali itumie waya wa zamani bila kuupima. Kutoka kwenye betri hadi friji ikiwa mita 6, umeme unasafiri mita 12 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, kompresa inapovuta ampea 10 wakati wa kujaribu kuwaka, inapoteza zaidi ya volti 0.8 njiani. Betri iko 11.8, friji inaona 11, na betri ikishuka kidogo tu kidhibiti chake kinakata umeme ili kuilinda. Mtu anasema kompresa mbovu, kumbe ni waya. Wekeni wa milimita 6 za mraba, fyuzi yake karibu na betri, na mtumie laini ya friji peke yake.

Na ile laini ya gesi inayobaki baada ya kuing'oa ya zamani, isikunjwe wala kuzibwa kwa tepu. Ikatwe na kufungwa kwa kizibo cha shaba kwenye valvu ya mgawanyo, na fundi wa gesi mwenye leseni, kisha ipimwe presha na viungio vipakwe povu la sabuni mbele yenu kabla mtungi haujafunguliwa.