Mnyororo, mkufu au mlolongo?

Dadangu, pole na msiba. Umesema unatafsiri hati za shamba la marehemu babako huko Likoni, na neno "chain" limekukwamisha. Ukiandika "mnyororo" kila mahali utamchekesha wakili.

Pale kwenye ramani palipoandikwa "5 chains", hicho ni kipimo cha wapima ardhi wa Kiingereza: futi 66, yaani mita 20 na kidogo. Zamani kilikuwa mnyororo wa chuma hasa, wa pingili 100, unatandazwa chini na kuvutwa hadi unyooke. Cheni 10 za mraba ni eka moja. Hapo liache "cheni", kisha uandike mita pembeni.

Penye habari ya nani alimuuzia nani hadi shamba likafika kwa babako, andika "mlolongo wa umiliki". Na hapa ndipo pa kukaza macho: karatasi moja ikikosekana katikati, usiizibe kwa tafsiri nzuri. Mwoneshe wakili mapema. Ushahidi wa kesi nao huwa na mlolongo wake, kila aliyeushika anatia sahihi.

Ripoti ya mazingira inayotaja mikoko ni rahisi: kaa hula majani, ndege humla kaa. Huo ni mlolongo wa chakula.

Mitaani ndio usiseme. Sonara atakuuzia mkufu, lakini mimi nilimwambia fundi wa baiskeli pale Majengo kwamba mnyororo wangu umekatika, akaniuliza nimetoroka jela gani.