Tangi limetulia, samaki hajatulia

*Simu yangu ina HDR, lakini nikipiga picha tangi la sebuleni samaki wanatoka na mikia miwili. Simu ni mbovu? (Msomaji, Jinja)*

Simu haina kosa, kaka. HDR hupiga picha kadhaa mfululizo, nyingine za giza, nyingine za mwanga, kisha huzichanganya kuwa moja. Samaki hakungoji. Ameshasogea, na mkia wa pili ni alipokuwa mwanzo. Zima HDR ukimpiga samaki, iwashe kwa tangi lenyewe.

*Nina kamera na stendi. Taa juu inaunguza picha, mchanga chini ni giza tupu. Nifanyeje? (Arua)*

Hapa HDR ndiyo mahali pake. Funga kamera kwenye stendi, weka M (kamera ifuate namba zako), chagua f/8 (upana wa tundu la lenzi) na ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), usiviguse tena. Badilisha muda wa shata peke yake, yaani muda ambao mwanga unaingia, kwa sehemu za sekunde: 1/100, 1/25, 1/6. Kila hatua ni stopu mbili, yaani mwanga mara nne. Nimechagua namba hizo kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi rahisi za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ikienda kasi kuliko hapo utaona mistari ya giza imekatiza picha. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera.

Zima pampu dakika mbili tatu, la sivyo majani yatapepea na picha tatu hazitalingana. Halafu uiwashe! Mimi niliwahi kuisahau usiku kucha. Asubuhi nikawakuta samaki wote juu, midomo wazi, wakitafuta hewa.

Ukizichanganya picha hizo tatu kwenye kompyuta, kuwa na mkono mwepesi. Mawe yakianza kung'aa kama peremende, rudi nyuma.

*Nafuga nkejje. Dume ana buluu nzuri, kwenye picha anatoka mweusi. (Dada wa Entebbe)*

Nkejje, samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao wenzetu wa Mwanza huwaita furu, wana tabia inayokusaidia: dume hulinda kieneo chake, ukimfukuza anarudi palepale. Basi usimkimbize na lenzi. Lenga jiwe lake, ungoje. Piga picha moja tu, kwa faili la RAW (picha ghafi, kamera haijaibana), shata 1/200 au zaidi, ISO ipande hata 1600. Mistari ya taa ikitokea, tafuta flashi, uiweke juu ya tangi ikitazama chini, isielekee kioo. Picha iwe na giza kidogo: kivuli utakifufua baadaye ndani ya faili hilohilo, ila magamba yaliyoungua kwa mwanga hayarudi.

*Kwenye kioo naonekana mimi na kochi langu. (Busia)*

Piga usiku, zima taa ya sebuleni, vaa fulana nyeusi, gusisha mdomo wa lenzi kwenye kioo bila kuuinamisha. Na ufute kioo kwanza, ndugu; alama za vidole vya watoto HDR huzionyesha vizuri kuliko samaki.