Barua kwa mwanangu: Salumu na shule ya Tabora

Mwanangu Hamisi,

Ujumbe wako nimesomewa na Zuhura, maana herufi za simu zinanicheza. Unasema TAMISEMI, wale wa serikali wanaopanga wanafunzi, wamempangia Salumu kidato cha tano Tabora Boys, mkeo ameshaona shule ya kulipia huko Kibaha, na unataka nikwambie kama ile shule bado inatoa watu au ni sifa za zamani. Tena unataka nijibu kwa kifupi.

Watu imetoa, nani asiyejua? Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia 1937 mpaka 1942, akaenda Makerere, kisha akarudi mji huu huu wa Tabora kufundisha shule ya St. Mary's. Rashidi Kawawa, Simba wa Vita, alisoma pale. Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika, naye ni wa pale. Wa kwetu Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, akawa waziri wa sheria Tanganyika ilipopata uhuru. Samuel Sitta wa Urambo, Spika wa 2005 hadi 2010. Waingereza walipoianzisha miaka ya 1920 walitaka watoto wa machifu, na Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki. Baadaye ndipo watoto wa wakulima wa tumbaku na wavuvi wa Kigoma walipoingia kwa wingi, wakila ugali wa serikali na kusafiri kwa waranti, tiketi iliyolipwa na serikali.

Hapo ndipo ninapokwama. Aliyesoma kwa chakula cha umma ana deni. Mnanicheka nikisema hivyo, lakini halikuanza kwangu. Mwalimu alisema msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine. Akila asirudi, ni msaliti.

Unaikumbuka meza yangu ya stesheni, ile ya mninga aliyoipigilia marehemu baba yako? Shule zikikaribia kufunguliwa, treni ya Mwanza, ya Kigoma, ya Mpanda, zote zilimwaga wanafunzi pale na matranka yao ya bati, njaa imewakausha midomo. Wengi niliwakopesha maandazi. Mmoja wa treni ya Kigoma, mrefu, mwenye maneno mengi, alikuwa mteja wangu mpaka akamaliza kidato cha sita. Jina lake silitaji, unalijua.

Basi yule kijana akawa mkubwa. Siku alipokuja kwenye mahafali, msafara wake ulisimama mbele ya meza yangu. Wewe ulikuwepo, umeshika ndoo ya maji. Akashuka, suti imekaa, akaita, "Mama Hamisi!" Moyo wangu ulijaa, mwanangu. Wenzangu wa stesheni wote wakasogea waone ninavyokumbukwa. Akasema, anacheka, "Mama, bado nakudai sumni yangu ya chenji."

Watu wakaangua kicheko. Nikafungua kibindo, nikamtolea noti ya mia tano, nikijua ataikataa. Akaipokea! Akaitia mfukoni, akapunga mkono, gari zikaondoka.

Dada yako mpaka leo anasema ulikuwa utani. Mimi Mnyamwezi, utani anifundishe yeye? Mtani hukurudishia noti yako. Na hiyo sumni sikuwahi kudaiwa. Yeye ndiye aliyeondoka na deni la maandazi ya muhula mzima, hesabu ninayo kichwani mwangu.

Lakini nisimwonee. Wangapi walipita pale na vioo vimepandishwa? Huyu alishuka, na jina langu alilijua baada ya miaka yote ile. Kwao wanasema zahanati ni yeye aliyewapigania. Huenda deni alililipa huko, kwangu akaona pa kuchekea. Huenda. Ila mia tano yangu ilikuwa ya unga.

Halafu namkumbuka Kawawa. Wanasimulia kwamba alipata nafasi ya Makerere akaiacha, akaenda kufanya kazi ya ukarani ili wadogo zake wasome. Na yeye kala ugali wa shule ile ile. Kwa hiyo ukiniuliza shule inatoa watu gani, nitakwambia inatoa wa kila namna, na Kibaha nako ni hivyo hivyo, isipokuwa wa Kibaha atasema alilipiwa na baba yake, hadaiwi na mtu. Hilo ndilo linaloniuma kuhusu ada zenu. Wala si hela tu, ingawa nazo nazionea uchungu, maana serikali ilishafuta ada ya kidato cha tano na sita tangu 2022.

Mkeo anaogopa mabweni na maji, na haogopi bure. Watoto wa jirani wamenisimulia. Amemzaa yeye, anayo haki ya kuogopa. Salumu naye hamjaniambia anataka nini.

Kwa hiyo mimi sisemi aende wapi. Ni mtoto wenu, mimi bibi tu. Lakini godoro msinunue Dar mkaja nalo kwenye treni, hapa sokoni yapo na nimeshaulizia bei. Ndoo ninayo. Nijulishe tu tarehe ya kuripoti.

Mama yako