Mchoro wa Mkaa Usifiche Kazi Yake

Vijana wanaoanza kuchora hapa Lamu huniuliza kwanza wanunue nini. Nawaambia wanunue karatasi ya khaki, ile ya kufungia bidhaa. Mkaa watautengeneza wenyewe.

Mkaa wa jikoni mara nyingi ni mgumu, unakwaruza karatasi na mstari haukolei. Tafuta vijiti vyembamba vilivyokauka, vya mti laini. Vimenye maganda, vipange vibanane ndani ya kopo lenye kifuniko, kisha toboa tundu dogo juu na uliweke kopo motoni. Moshi utatoka tunduni. Ukikatika, liepue, wala usilifungue mpaka lipoe kabisa: hewa ikiingia vijiti vingali na moto, utakuta majivu.

Khaki naipenda kwa sababu ina rangi ya kivuli tayari. Mkaa unaongeza giza, chaki inaleta mwanga. Tena uso wake unakwaruza kidogo, unashika vumbi la mkaa. Karatasi ya kung'aa haifai. Ya gazeti itageuka manjano, basi iwe ya mazoezi.

Sasa nenda kijiji cha Matondoni, hapa hapa kisiwani, ukawatazame mafundi wa majahazi. Usikimbilie kuchora chombo kizima. Mtazame fundi anavyovuta keekee ya kutobolea mbao, anavyochonga ubao kwa tezo, anavyoshindilia pamba ya kalafati katikati ya mbao ili maji yasipenye. Tezo huacha makovu ubaoni, na mimi naona uzuri wa jahazi uko hapo hasa. Mchoro nao uwe hivyo. Mkono wa fundi ukisogea, uchore ulipo sasa. Ule wa kwanza upanguse kwa kiganja, kivuli chake kibaki. Msanii William Kentridge wa Johannesburg alianza mwaka 1989 kutengeneza filamu kwa njia hii: anachora kwa mkaa, anafuta, anachora tena kwenye karatasi ile ile, na kila badiliko analipiga picha. Alichofuta bado unakiona.

Raba iache kwanza. Ukitaka kurudisha mwanga, bonyeza tonge la mkate mweupe. Wachoraji wa Ulaya walifuta hivyo kabla raba haijajulikana.

Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote: muombe fundi ruhusa kabla ya kumchora, na ukimaliza mwonyeshe. Atakwambia kama tezo umeishikisha vibaya. Usichukue karatasi mpya. Rekebisha papo hapo, juu ya mistari ile ile, naye akitazama.