Anubiasi kwenye tangi dogo: mmeuliza, najibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu anubiasi, mmea wa majini wenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati.

Nimeipanda vizuri kabisa kwenye mchanga, mbona inaoza kuanzia chini?

Kosa liko hapo hapo kwenye "vizuri kabisa". Anubiasi ina shina nene linalolala kama tangawizi. Majani hutokea juu yake, mizizi chini. Ukilifukia shina, linaoza. Ing'oe, kata sehemu yote iliyolainika na kunuka mpaka ufike penye ugumu, kisha ifunge kwa uzi wa pamba juu ya jiwe au kipande cha gogo. Uzi ukija kuoza, mizizi itakuwa imeshajishikiza. Mizizi ikishuka mchangani yenyewe, iache. Kisichotaka kufukiwa ni shina.

Miezi 2, majani mapya 2. Niongeze mbolea?

Huo ndio mwendo wake. Kama una samaki, kinyesi chao kinaitosha.

Majani yamejaa mwani usiotoka. Nifanyeje?

Punguza taa. Huu ni mmea wa kivulini, wa kando ya vijito vya msituni. Hata jina lake, kwa sababu ya kupenda kivuli, limetokana na Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale. Na kwa kuwa jani lake hudumu muda mrefu, mwani hupata nafasi ya kuhamia na kukaa. Saa 6 hadi 8 za taa kwa siku zinatosha, na tangi lisikae dirishani. Lifute jani taratibu kwa vidole. Lililochakaa likate karibu na shina. Konokono nao husaidia, ila (nimeyaona kwangu) wakizaana utaanza kutafuta dawa ya konokono badala ya mwani.

Samaki wangu wa dhahabu hula kila mmea. Na huu je?

Kwa kawaida huuacha, majani ni magumu. Ila atauchokonoa, kwa hiyo ufunge imara. Zaidi ya hapo, tangi la lita 20 halimtoshi samaki huyo. Mtafutie kubwa kwanza.

Naweza kumgawia rafiki?

Ndiyo. Kata shina kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na majani 3 au 4. Mpe chenye ncha inayokua. Cha nyuma baki nacho wewe, kitachelewa kidogo kuchipua ubavuni.