Sh900 Zilizonigharimu Mashine ya Santuri

Juzi jioni nikiwa kwenye matatu ya kurudi Umoja, kaka mmoja aliniandikia hivi: "Bosi, salama? Nimeuza kamera yangu mtandaoni, mnunuzi yuko Mombasa na ashalipa. Sasa naituma vipi isije ikanitoa machozi?"

Nilicheka, kile kicheko cha mtu aliyekwisha kutolewa machozi. Nikamjibu kwa ufupi: itume Jumatatu, na kabla ya hapo usiguse hata selotepu mpaka usome nitakachoandika. Haya basi kaka, nimeandika. Na wewe mwingine ambaye una picha za vitu vya kuuza kwenye simu, unayeota siku ya kumwambia mwajiri kwaheri, vuta kiti.

Mimi nanunua na kuuza vyombo vya muziki vya zamani: amplifaya, spika, redio za mbao, mashine za santuri. Nilianza na amplifaya moja niliyoiokota soko la mitumba la Gikomba ikiwa imefunikwa na makoti. Miaka miwili ya kwanza haina hadithi. Wateja wangu walikuwa wa Nairobi, tunakutana, anasikiliza, analipa, kila mtu anashika njia yake. Hadithi inaanza siku nilipopata mteja wa Kisumu.

Nilikuwa na Technics SL-1200 MK2. Anayejua santuri ameshasimama wima. Kwa asiyejua: hii ndiyo mashine ambayo madidjei wa dunia nzima waliikumbatia tangu toleo hili la MK2 litoke mwaka 1979. Kampuni iliacha kuzitengeneza 2010, watu wakalalamika weee, ikarudi tena sokoni 2016. Ni chuma kizito, zaidi ya kilo 12. Yangu niliinunua kwa didjei mmoja wa Ngara aliyehamia kwenye laptopu, nikakaa nayo wiki tatu nikiisafisha kwa mswaki na spiriti, nikabadilisha nyaya za nyuma, nikaipiga picha karibu na dirisha saa kumi jioni, jua likiwa limelegea. Picha zile ziliniuzia. Ninajisifu, ndiyo, lakini hata leo sijaona tangazo la mashine ya santuri Nairobi lenye picha kama zile.

Mnunuzi alikuwa mwalimu mstaafu. Ana santuri za muziki wa benga, za D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, nyingine alizinunua mwenyewe River Road enzi zile maduka ya huko yakiuza santuri kama leo yanavyouza vifuniko vya simu. Tulizungumza kwa simu karibu saa nzima. Hakubishana bei. Alituma Sh95,000 kwa M-Pesa kabla hajaiona mashine, kisha akapiga: "Kijana wangu, nimekuamini." Nikamwambia, "Mwalimu, wewe tulia, kesho kutwa utakuwa unasikiliza."

Sasa nikwambie nilichofanya, bila kujipaka asali.

Niliiweka mashine kwenye katoni ya mafuta ya kupikia niliyopewa dukani. Nikaizungushia magazeti. Sahani ile ya juu inayozungusha santuri niliiacha mahali pake, maana kwa macho yangu ilikuwa imekaa imara. Mkono wa sindano niliufunga kwa mpira wa kufungia noti. Nikapiga selotepu mpaka katoni ikang'aa, nikaandika kwa kalamu nyekundu pande zote nne: KITU CHA KUVUNJIKA. Nikajiona mtaalamu.

Ofisini kwa watu wa mizigo, katikati ya mji, karani alikuwa na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Ndani kuna nini?"

"Kitu cha muziki tu."

"Thamani?"

Nikauliza kwa nini anataka thamani. Akasema bima ni asilimia moja ya thamani utakayoandikisha. Nikapiga hesabu haraka: Sh95,000 ni bima ya Sh950. Sh5,000 ni bima ya hamsini bob. Nikamwambia, "Andika elfu tano." Akaandika. Nikatoka pale nikiwa nimeokoa Sh900, nikapitia kwa mama wa chapati nikajipongeza kwa madondo.

Kesho yake saa tano asubuhi ilikuja video. Mjukuu wa Mwalimu ndiye aliyekuwa akirekodi. Kabla hata katoni haijafunguliwa unasikia mlio, kama sufuria mbili zinazogongana ndani ya karai. Upande mmoja wa katoni ulikuwa umebonyea, na doa jeusi la oili limeshikana nalo. Baadaye niliambiwa ilisafiri ikiwa imebebeshwa giaboksi la gari juu yake. Mwalimu akachana selotepu taratibu kwa kisu cha mezani, akaondoa magazeti moja moja, akiyakunja, unajua wazee walivyo. Halafu akanyamaza. Mkono wa sindano ulikuwa umepinda kama mguu wa kuku. Sahani ilikuwa imechomoka, imeruka ruka ndani kwa kilomita karibu 350, imepasua kifuniko na kukwaruza uso wote wa mashine. Na ule mhimili wa katikati, ambao mota yenyewe imejengwa kuuzunguka, ulikuwa umelegea. Mwalimu hakunitukana. Alisema tu, "Kijana, hii ndiyo ile?"

Swali hilo linaniuma hadi leo kuliko pesa.

Nilirudi kwa wale watu wa mizigo nimevimba. Meneja alinisikiliza kwa upole, akageuza risiti, akanionyesha maandishi madogo ya nyuma: kampuni hailipi zaidi ya thamani iliyoandikishwa. Akaniuliza, "Uliandika ngapi?" Wiki mbili baadaye simu ikalia: nimetumiwa Sh5,000. Kamili. Jirani yangu ambaye ni karani wa wakili alinisukuma niende Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Niliwaza. Lakini ningeenda na ushahidi gani? Karatasi pekee yenye thamani ya mzigo ilikuwa na uongo wangu mwenyewe, kwa saini yangu mwenyewe. Nikamrudishia Mwalimu Sh95,000 zake kwa awamu mbili. Alishukuru. Nimemwandikia mara tatu tangu hapo nikiwa na mashine nzuri kuliko ile. Anasoma, tiki zinageuka buluu, hajibu.

Kwa hiyo kaka wa kamera, ushauri wangu wa kwanza ni huu: andikisha thamani ya kweli. Wa pili ni uleule. Ukiona bima ni ghali, iongeze kwenye bei ya kitu au mwambie mnunuzi mgawane. Mnunuzi anayekataa kuchangia Sh475 kulinda mali yake ya karibu laki moja ana lake jambo. Na usome nyuma ya risiti kabla hujalipa, hata kama foleni inakusukuma. Zipo kampuni ambazo hazitoi fidia kabisa kwa vioo na elektroniki. Mkiambiana hivyo mapema, unachukua mzigo wako unatafuta wengine, hamjakosana. Hakikisha pia ni kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Makanga anayekuambia "leta hapa chini ya kiti, nitumie mia tatu" hana leseni, hana risiti, na kesho yuko gari lingine.

Sasa namna ya kufunga mzigo. Nilijifunza nikiwa nimechelewa kwamba mzigo huvunjwa na kile kinachocheza ndani, na ile kalamu nyekundu haimzuii mtu aliyebeba giaboksi. Kila kinachotoka, kitoe. Kwenye mashine ya santuri, toa sahani, ifunge peke yake, iende chini kabisa ya katoni. Toa kile kichuma cha uzito kilicho nyuma ya mkono. Toa kichwa chenye sindano kiwe kwenye kikopo chake. Funga mkono kwenye kishikio chake kwa uzi laini. Kifuniko nacho kivue. Kwenye kamera, lenzi isisafiri ikiwa imeshikamana na kamera. Itoe, funika matundu yote mawili, betri nayo itoke. Televisheni isafiri ikiwa imesimama, usikubali ilazwe hata wakikuapia.

Kisha katoni mbili. Kitu kikae kwenye katoni ya ndani kikiwa kimebanwa kwa ile plastiki ya vipovu ambayo watoto hupenda kupasua, halafu katoni hiyo iingie ndani ya kubwa zaidi, na katikati pabaki nafasi ya upana wa vidole vinne pande zote, juu na chini. Nafasi hiyo usiijaze magazeti, hukandamizwa yakaacha pengo. Mimi nanunua vipande vya sponji kwa mafundi wa magodoro, na nikikosa, sweta za mitumba za bei ya mwisho wa siku. Kuna mteja wa Nakuru aliniambia sweta moja ilimtosha, anaivaa. Ukimaliza, inua katoni uitikise karibu na sikio. Ukisikia kitu, fungua uanze upya. Hili nalisema kama mtu anayelifanya: kuna usiku nimefungua katoni moja mara nne huku mke wangu akiniuliza kama kuna mtoto ndani.

Katoni mbili zina gharama yake. Niliwahi kutuma mashine Kigali kwa ndege. Mizani ilisema kilo 16, nikalipishwa kilo 21. Nilitaka kupaza sauti, kumbe ni kanuni: wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5,000, kisha wanachukua uzito ulio mkubwa. Yangu ilikuwa 60 kwa 50 kwa 35. Piga hesabu mwenyewe. Tangu hapo napima katoni kabla sijamtajia mteja bei ya usafiri.

Ushahidi. Piga picha ya kifaa kikiwa kizima, kikiwa kimewashwa, pamoja na siriali namba. Kama ni simu, piga *#06# uhifadhi nambari za IMEI, zile zinazoitambulisha simu yenyewe. Rekodi video unapofunga, usikate, mpaka selotepu ya mwisho. Mimi huweka saini juu ya maungio ya selotepu, nusu kwenye selotepu na nusu kwenye katoni, ili mtu akifungua njiani mistari isikutane tena. Mwambie mnunuzi naye arekodi akifungua, kama mjukuu wa Mwalimu. Na aende kuchukua kwa kitambulisho chake, asitume mtu wa boda. Mzigo ukipotea, nenda polisi ukapate nambari ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, siku hiyo hiyo, maana ndicho kitu cha kwanza kampuni itakuuliza.

Pesa nitazitaja haraka kwa sababu bado nina hasira. Mwaka jana kijana mtanashati alinunua amplifaya, akanionyesha ujumbe wa M-Pesa, na kwangu pia ukaingia: jina, kiasi, kila kitu. Kumbe ni wa bandia: ulitoka kwa nambari ya kawaida ya simu, si kwa M-Pesa. Sikuangalia. Siku hizi siamini ujumbe, naangalia salio, mbele ya mtu, hata akinuna. Na kumbuka mtu akituma pesa kimakosa anaweza kuomba zirudishwe kwa kupeleka ujumbe wa malipo kwa 456. Ni huduma nzuri, ila wapo wanaoitumia mzigo ukishaondoka. Pesa za mzigo mkubwa mimi nazihamishia benki siku hiyo hiyo. Jamani, tuache kuona haya! Tumelelewa kuona kwamba kuhesabu pesa mbele ya mwenzio ni dharau, ndiyo maana wajanja wanatula. Aliyekuja kununua kwa nia njema hatakasirika ukikagua dakika mbili.

Nina daftari. Tangu ile video ya Kisumu nimetuma mizigo 41: Mombasa, Eldoret, Meru, Kigali, Malindi. Hakuna hata mmoja uliofika na mlio. Ule mkono uliopinda nimeutundika juu ya meza ninayofungia mizigo, na kando yake nimebandika risiti ya elfu tano. Wanaokuja kununua hudhani ni pambo.

Jambo la mwisho, ambalo nililigundua kwa kuangalia daftari tu: usitume kitu cha thamani Ijumaa. Kikikosa gari la jioni, kinalala stoo Jumamosi na Jumapili, kinahamishwa na watu watano ili mizigo mingine ipite, na hakuna wa kumpigia simu. Jumatatu asubuhi, mapema, wakati sakafu ya ofisi bado ni tupu na karani bado hajachoka.

Leo ni Alhamisi, kaka. Nimeona umeniandikia tena kwamba mnunuzi anakuharakisha na kwamba kesho una nafasi. Usiitume kesho.