Kidonge ni bure, lakini nani atalala naye nyumba moja?

Swali lenu la wiki hii linauliza: mgonjwa wa akili akishapata nafuu na hospitali ikamruhusu, nani agharamie makazi na malezi yake, familia au serikali? Najibu nikiwa Newala, mkoani Mtwara, nikiwa dada wa mgonjwa: serikali. Familia isaidie, lakini isitelekezewe.

Wanaosema damu nzito kuliko maji, mwachieni mama yake, waje huku wakati wa msimu. Kuanzia Oktoba kila mwenye nguvu yuko kwenye mikorosho tangu alfajiri, anaokota. Ada za watoto, bati za nyumba, madeni ya shamba, vyote vinasubiri hizo wiki chache. Sasa nani abaki na mtu mzima ambaye lazima ale, ameze dawa asubuhi na usiku, na asiachwe peke yake anapoanza kusikia sauti? Anabaki bibi kizee. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba atatoa nauli, atakaa kikao, ila usiku yuko kwake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mama yangu amepita miaka sabini. Dawa za kaka anaziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Panga na majembe vinalala kwa jirani. Kaka akishameza, mama humwambia afungue kinywa na ainue ulimi, kwa sababu huvificha vidonge. Vinamletea njaa kali na mikono inamtetemeka, kwa hiyo bila uji asubuhi hamezi, na kwa hilo simlaumu hata kidogo. Bajeti ya afya inakihesabu kidonge. Uji haumo, wala yule anayeupika.

Sera inasema matibabu ya akili hayalipiwi, na nashukuru. Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008. Lakini hiyo bure inaishia dirisha la dawa, na siku nyingine dirishani unaambiwa zimekwisha, kanunue. Hali ikiwa mbaya kabisa, safari ni hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma: kutoka huku hadi Dar es Salaam kwanza, halafu bara, nauli ya mgonjwa na ya ndugu wa kumshika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ikakatika Somanga, hata njia hiyo ilifungwa. Mgonjwa akifika anatibiwa, anatulia, ananenepa, anarudi anacheka. Msimu mmoja bila wa kumsimamia dawa, tunaanza upya. Serikali inalipia kitanda kile kile mara ya pili na ya tatu, halafu tunaambiwa nyumba ya kumlea ni gharama kubwa!

Tena si jambo geni nchini. Baada ya uhuru serikali ilianzisha vijiji vya wagonjwa waliopata nafuu, kama Hombolo kule Dodoma na Vikuruti huko Dar es Salaam, ambako walilima na dawa walizipata. Lutindi, Korogwe, hospitali ya Kanisa la Kilutheri, kazi ya mikono na shamba ni sehemu ya tiba hadi leo.

Ninachoomba ni kidogo kuliko kijiji. Nyumba moja kila wilaya, ya watu kama kumi, yenye muuguzi wa afya ya akili, wasaidizi wa zamu za usiku, chakula, shamba, na maji ya uhakika (wa Newala wananielewa). Iwe karibu, mama aweze kwenda Jumapili na kurudi. Fungu lake lisimame lenyewe kwenye bajeti, lisifichwe ndani ya matumizi mengineyo. Halmashauri zetu zinapata ushuru wa korosho, asilimia 3 ya bei ya mkulima. Hapo pa kuanzia papo, na mishahara ilipwe na serikali kuu. Najua ipo asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu, lakini ile ni mikopo. Kaka yangu hawezi kukopa wa kumwamsha anywe dawa.

Jambo jingine linaniuma zaidi. Pasipo na nyumba ya serikali, watu hupeleka ndugu zao kwa waganga, wakae huko miezi. Nimeuona mguu wenye kovu la mnyororo, mguu wa kijana aliyekuwa fundi cherehani. Serikali ikilipa, itakuwa na haki ya kuingia na kukagua, na mgonjwa atakuwa na pa kulalamika.

Kwenye mikutano ya kijiji ya vipaumbele tumeomba madarasa, zahanati, kisima. Nyumba hii sijaisikia ikitajwa. Safari hii nitaitaja, pamoja na mama wawili wa kitongoji chetu wenye wana wa hali hiyo. Diwani ametaka orodha ya kaya zenye mgonjwa anayehitaji makazi. Tumeanza kuiandika, kaya zinazokubali kutajwa ni chache kuliko tunazozijua.